Watafiti Vijana Wasiachwe Mlangoni

KILA mwaka vyuo vikuu vyetu huwavisha majoho vijana waliosomea kemia, fizikia, elimu ya viumbe, sayansi za bahari, kompyuta na uhandisi. Wazazi hupiga vigelegele, viongozi hutoa nasaha, na magazeti, pamoja na hili letu, huchapisha picha. Sherehe ikishamalizika hubaki swali ambalo halipewi hotuba: katika vijana hao, ni wangapi watakaoingia katika kazi ya uchunguzi wa kisayansi, na mlango wao wa kwanza uko wapi? Tunapenda kulizungumza jambo hili leo bila ya kificho, kwa kuwa linamhusu mkulima wa mwani wa Paje na mkulima wa karafuu wa Pemba kama linavyomhusu mwenye shahada.

Kwanza ieleweke kazi tunayoisema ni ipi. Watu wengi hukiona chuo kikuu kuwa ni skuli kubwa, mahali pa kufundishia na kufanyia mitihani. Kufundisha ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kutafuta elimu ambayo bado haijaandikwa kitabuni: kwa nini zao hili linakufa, maji ya kisima kile yameingiaje chumvi, waya wa namna gani unafaa kupita chini ya bahari. Mtu hawi fundi wa kazi hiyo kwa kusoma peke yake. Huwa fundi kwa kukaa miaka chini ya mtafiti aliyemtangulia, akipima, akikosea na kurudia. Wazee wetu wa visiwa hivi waliufahamu vyema utaratibu huo. Mwanafunzi wa elimu ya dini alikaa na shekhe wake miaka mingi, kitabu baada ya kitabu, mpaka shekhe aliporidhika kuwa sasa anaweza kusimama mwenyewe, ndipo akampa ijaza. Fundi wa jahazi naye hakukabidhiwa chombo siku ya kwanza aliyofika pwani.

Katika vyuo vikuu vya nchi yetu ngazi ya kazi hiyo inajulikana. Mwenye shahada ya kwanza huingia kwa cheo cha mkufunzi msaidizi, au mtafiti msaidizi katika taasisi za utafiti. Akipata uzamili huwa mhadhiri msaidizi. Akipata uzamivu huwa mhadhiri, na kuanzia hapo anaweza kuongoza uchunguzi wake mwenyewe na kulea wengine. Sharti la kuingia daraja la kwanza si jepesi: mwombaji hutakiwa awe na wastani usiopungua 3.8 kati ya 5. Sisi hatuna ugomvi na sharti hilo. Kazi ya utafiti haifai kupewa mtu kwa huruma.

Ugomvi wetu ni kuwa kijana akishalitimiza sharti hilo, bado hana hakika kuwa mlango upo. Nafasi za kudumu hutegemea kibali cha ajira, na kibali hutegemea bajeti na mambo mengine yaliyo mbali kabisa na sayansi. Mwaka 2016, kwa mfano, Serikali ya Muungano ilisimamisha ajira mpya ili kuwahakiki watumishi hewa. Nia ya uhakiki ilikuwa njema, na fedha ya umma ni lazima ilindwe. Lakini maabara haina desturi ya kungoja. Idara ikikaa miaka kadhaa bila ya kuingiza damu changa, huku maprofesa wake wanakaribia kustaafu, huzaliwa pengo ambalo haliwezi kuzibwa kwa tangazo moja la kazi. Anayestaafu huondoka na ujuzi wake wote, na hakuna aliyekaa karibu naye akaupokea.

Mlango wa pili ni miradi. Mfadhili wa nje huleta fedha za uchunguzi wa miaka miwili au mitatu, na vijana huajiriwa kwa mikataba mifupi kukusanya sampuli, kuhoji wananchi na kuingiza takwimu katika kompyuta. Tusiidharau njia hii, kwani imefanya mema mengi. Kule Wawi, Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000 imekuwa chuo cha vitendo kwa vijana wa kisiwa. Utafiti mkubwa wa kutokomeza kichocho ulioanza Unguja na Pemba mwaka 2011 ulilinganisha njia tatu: kugawa dawa peke yake, kugawa dawa pamoja na kuwaua konokono, na kugawa dawa pamoja na kuwaelimisha wananchi wabadilishe mazoea. Kazi ya namna hiyo haifanywi na profesa akiwa ofisini. Hufanywa na vijana wenye ndoo, darubini na subira, wanaopita shehia kwa shehia.

Walakini mradi una siku ya mwisho. Fedha ikimalizika, mkataba humalizika, na kijana aliyejifunza kazi kwa miaka mitatu hurudi barazani. Baya zaidi, siku hiyo ya mwisho haipangwi na sisi. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, miradi ya afya na utafiti ilisimama katika nchi nyingi za Afrika kwa uamuzi uliofanywa Washington. Nchi inayoweka watafiti wake wote chanja katika mfuko wa mgeni isishangae mgeni akiondoka na mfuko wake.

Liko na jambo jingine linalosemwa chini kwa chini, nasi tunalisema juu. Nafasi nyingi za miradi hazitangazwi. Hupitishwa kwa simu, huelezwa mwishoni mwa mkutano, au hupewa kijana ambaye mjomba wake anamjua mkuu wa kitengo. Mtoto wa Micheweni au wa Makunduchi, ambaye baba yake ni mvuvi na hamjui mtu yeyote katika ofisi za mjini, huzisikia habari za kazi baada ya waajiriwa kwisha kupokea mshahara wa kwanza. Huko ni kumdhulumu kijana, na pia ni kuidhulumu sayansi yenyewe, kwa sababu huwezi kumpata aliye bora ikiwa wengi wa walio bora hawakuambiwa.

Sasa tutazame ni nini hupatikana pale kijana anapopewa nafasi na muda. Katika miaka ya 1970 Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye alikuwa Profesa, alikuwa akiuchunguza mwani wa mwambao wetu: aina zake, mahali unapoota na faida zinazoweza kupatikana kwake. Mpita njia angeweza kudhani kuwa ni msomi anayeokota majani ya baharini. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, na tangu hapo maelfu ya wananchi, wengi wao akina mama, wamejipatia fedha yao wenyewe ya kusomeshea watoto na kujengea nyumba. Baina ya uchunguzi wa mwanzo na mavuno hayo ilipita miaka zaidi ya 10. Mkataba wa miezi sita usingeufikisha uchunguzi ule popote.

Na kazi haikuishia hapo. Katika miaka ya 2000 aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, iitwayo kotonii, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi yaliyozidi kuwa na joto. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari na wenzake walikaa na wakulima kujaribu njia za kulima katika maji yenye kina kirefu kwa kutumia neti zilizoshonwa mfano wa bomba, na kuwafundisha kuusarifu mwani kuwa sabuni na bidhaa nyingine badala ya kuuza mkavu peke yake. Tatizo lenyewe bado halijamalizika, kwani bahari inaendelea kupata joto. Anayeipima bahari hiyo leo, na atakayeipima baada ya miaka 20 ijayo, ni lazima waandaliwe sasa.

Mfano wa pili ni mbung'o. Kwa miaka mingi mdudu huyo aliwaambukiza ng'ombe wa Unguja nagana. Kuanzia mwaka 1994 madume ya mbung'o yaliyolelewa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yalimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mpaka yakafikia zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi Septemba 1996. Mafanikio hayo yalijulikana dunia nzima. Mionzi na ndege vilitoka katika elimu ya mbali, lakini mitego iliyothibitisha kuwa mdudu amekwisha ilihitaji watu wa kuikagua porini, wiki baada ya wiki, na kuandika hesabu sahihi hata pale hesabu yenyewe ilipokuwa sifuri.

Mfano wa tatu ni wa uhandisi, na kila mkaazi wa Unguja anaukumbuka. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima umeme wa kutoka Bara ulipokatika, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa gizani tena kwa miezi mitatu. Maji yalipungua mabombani kwa kuwa pampu zilisimama, samaki waliharibika, mafundi cherehani na wasaga nafaka walikaa bure. Waya mpya wa megawati 100 ulipita chini ya bahari mwaka 2013. Je, tunao wahandisi vijana katika vyuo vyetu ambao kazi yao ya kila siku ni kuuchunguza mfumo huo, kupima mzigo wake, na kutafuta namna jua na upepo wa visiwani vitakavyousaidia? Au tunangoja giza jingine ndipo tuitane mikutanoni?

Tunajua hoja zitakazoletwa dhidi yetu. Ya kwanza ni kuwa Serikali haina fedha. Hoja hii tunaiheshimu, kwani skuli zinahitaji madawati na hospitali zinahitaji dawa. Lakini nchi za Afrika zilikubaliana katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya sayansi na teknolojia, na Umoja wa Afrika ukalirudia lengo hilo mwaka 2007. Azimio hilo sasa lina umri wa kuwa na watoto na wajukuu. Bei ya gari moja kubwa la ofisi hutosha kuwalipa watafiti vijana kadhaa kwa miaka mitatu. Kwa hiyo suala la fedha ni pia suala la kuchagua.

Hoja ya pili ni kuwa kijana akishasomeshwa hukimbilia nje. Wako wanaofanya hivyo. Lakini aliyekwenda kutafuta uzamivu Ujerumani au India akarudi akakuta cheo chake kimefutwa, maabara haina kemikali na boti haina mafuta, huyo hakukimbia. Alikosa pa kurudi. Hati ya kumfunga mtu miaka mitano haina faida kama hakuna kazi ya kufanya ndani ya miaka hiyo. Anayetaka mtafiti arudi na amwekee kiti.

Hoja ya tatu, ambayo husemwa zaidi barazani kuliko ofisini, ni kuwa utafiti ni posho na semina. Ziko ripoti zilizoandikwa zikawekwa kabatini, hilo hatulikatai. Dawa yake ni kuwapa watafiti maswali yenye mwenyewe: mkulima, mvuvi, Mamlaka ya Maji, Shirika la Umeme. Mwenye swali hatalisahau jibu.

Kwa ajili hiyo tunapendekeza mambo manne, na tunawaomba wahusika wayapime.

Kwanza, kianzishwe cheo cha mtafiti chipukizi katika sayansi na uhandisi, chenye mkataba wa miaka 3 na mshahara unaotoka katika bajeti yetu wenyewe. Tuanze na nafasi 20 kwa mwaka. Mwaka wa tatu watakuwa 60. Kwa watu 1,889,773 waliohesabiwa Zanzibar katika sensa ya mwaka 2022, hiyo ni nafasi moja kwa kila watu 31,000 na zaidi kidogo. Hakuna atakayesema kuwa tumepindukia. Jambo hili si geni. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania Bara ina mpango, ulioanza mwaka 2003, wa kuwaweka wahandisi wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka 3. Kinachofaa kwa mjenzi wa daraja kinamfaa na mchunguzi wa bahari.

Pili, kila nafasi ya utafiti inayolipwa kwa fedha ya umma, au iliyomo katika mradi unaoendeshwa na taasisi ya umma, itangazwe magazetini na katika ofisi za wilaya, Unguja na Pemba, kwa muda usiopungua siku 30. Tangazo litaje swali la utafiti, mtafiti atakayesimamia, na fedha ya kufanyia kazi. Majina ya waliochaguliwa na sifa zao yabandikwe. Mwenye haki haogopi ubao.

Tatu, taasisi zetu zishirikiane badala ya kila moja kufunga mlango wake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kufundisha mwaka 2001. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa Unguja tangu 1978. Tawi la Taasisi ya Teknolojia ya India, IIT Madras, ambalo ni la kwanza nje ya India, lilifunguliwa hapa mwaka 2023. Zipo pia taasisi zetu za utafiti wa kilimo, mifugo, uvuvi na afya. Visiwa vidogo kama vyetu vikiwa na nyumba zote hizo za elimu, haifai kijana wa taasisi moja akose kipimo ambacho kimelala bila ya kazi katika taasisi ya jirani. Elimu ya juu na utafiti ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na kwa hiyo Tume ya Sayansi na Teknolojia nayo isisahau kuvuka bahari inapogawa ruzuku.

Nne, anayekwenda masomoni kwa idhini ya taasisi yake alindiwe cheo chake kwa maandishi, na akirudi apewe fedha kidogo ya kuanzia kazi. Mtafiti asiye na kifaa ni kama mvuvi aliyekabidhiwa ngarawa bila ya tanga.

Na kwa vijana wenyewe tunalo neno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usingoje tangazo likufuate nyumbani. Soma kazi alizoandika mhadhiri unayetaka kufanya naye kazi, kisha mwandikie barua ya ukurasa mmoja, yenye adabu, ukieleza ni jambo gani katika kazi yake ungependa kuliendeleza na unaweza kufanya nini kwa mikono yako. Barua moja iliyotumwa kwa watu 50 bila ya kubadilishwa neno hujulikana mara inapofunguliwa. Jifunze takwimu na programu za kompyuta za kuchambulia. Jifunze kutunza daftari la vipimo ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma na kulifuata. Ukitaka kazi ya bahari, jua kuogelea na kuzamia. Ukitaka maabara ya uhandisi, usione haya kushika bisibisi mbele ya fundi ambaye hana shahada lakini anajua kuliko wewe.

Tena tazameni milango yote. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari, WIOMSA, yenye makao yake hapa Unguja, hutoa ruzuku za utafiti kwa ushindani. Shirika la Ujerumani la DAAD na mpango wa masomo wa Jumuiya ya Madola husaidia wanaotafuta uzamili na uzamivu. Anayeshinda huko mara nyingi ni yule aliyeanza kuandika ombi lake miezi kadhaa kabla ya siku ya mwisho, akampa mwalimu wake alisome na kulikosoa. Na mkipewa kazi ya kujitolea, ulizeni kwa heshima: ni ya muda gani, na nitajifunza nini? Kujitolea miezi mitatu ni kujifunza. Kujitolea miaka mitatu bila ya mkataba ni kutumikishwa, na wakuu wa taasisi wanaofanya hivyo waache.

Tunawakumbusha na walio juu ya ngazi. Profesa aliyefika kileleni alishikwa mkono na mtu. Asiyemlea mwenziwe mdogo kwa kuchelea kunyang'anywa nafasi, au anayeweka jina lake juu ya kazi iliyofanywa na kijana peke yake, anakata tawi alilokalia.

Bajeti ya mwaka wa fedha ujao itaandaliwa kama kawaida, na Waheshimiwa Wawakilishi wataijadili. Tunawaomba waulize swali moja rahisi katika kikao hicho: ni nafasi ngapi mpya za watafiti vijana zimo katika makadirio haya, na zitatangazwa lini? Jibu litakalotolewa tutalichapisha katika ukurasa huu, pamoja na tarehe yake.